Naanza biashara ya dagaa Mwaloni: nisajili kama mtu binafsi au kampuni?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Miaka tisa nilikuwa kiwandani, PAYE (kodi ya mshahara) inakatwa hukohuko, sikuwahi kuumiza kichwa na kodi. Sasa nimeacha ajira, nanunua dagaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, na kusafirisha Dar. TIN (namba ya mlipakodi) ninayo.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya makadirio, na hiyo inaangalia mauzo, si faida. Dagaa faida yake ni nyembamba mno! Juzi magunia mawili yalinyeshewa yakisubiri lori. Nilipoyafungua yalishaota ukungu, nikayauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Na yale nayo yanahesabiwa mauzo.

Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, hasara inatambulika. Ila nikijilipa gawio linakatwa tena asilimia 10, bado gharama za BRELA (wanaosajili kampuni) na mhasibu. Rafiki yangu anasema hata nikivuka milioni 100 nibaki binafsi na nitunze hesabu, maana kodi ya mtu binafsi inapanda kwa ngazi, ya kampuni ni 30 tangu shilingi ya kwanza. Naona ana hoja.

Tatizo wapakiaji hawana risiti, nina daftari tu. Mnaouza dagaa au samaki, mlianzaje? Na gharama kama hizo mlizithibitishaje TRA (mamlaka ya mapato)?