Kompyuta ndogo ya magemu kwa dogo wa miaka 11, bajeti laki 9: naombeni ushauri

Baba Tatu
Wakuu, salaam. Niko Makorora, Tanga. Nilimuahidi mwanangu kompyuta ya gemu akifanya vizuri shuleni, kafanya, na sasa kila jioni nakumbushwa deni langu. Roblox na Minecraft anacheza kwenye simu ya mama yake. Akienda kwa binamu zake anashinda kwenye mpira, kwa hiyo FC 24, gemu la mpira, nayo anaitaka. Sebule yetu ndogo, boksi kubwa lenye mataa halina pa kukaa. Nataka kitu cha kukaa pembeni ya TV, inchi 32, ina HDMI. Kibodi na mausi viwe ndani ya hiyo hiyo laki 9. Kuna fundi Ngamiani ananisukumia kompyuta yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, i7 ya kizazi cha 4, anasema "i7 ni i7". Au niunge mwenyewe kipande kwa kipande? Nawasilisha.

Chuma Chakavu
Mkuu, i7 siyo i7. Kizazi cha 4 kilitoka 2013. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Hiyo i7 ya fundi ina kori 4 (kori ni kama wafanyakazi ndani ya prosesa), wakati i5-8500, kizazi cha 8 cha 2018, ina kori 6. Usisome herufi, soma namba zinazofuata.

Tafuta mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, umbo la SFF, yale maboksi membamba. Tanga ukikosa, Kariakoo utapata, mzigo unapanda basi jioni unakufikia. RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 512, maana FC 24 peke yake inataka GB 100. Roblox na Minecraft zitaenda na grafiki ya ndani ya prosesa bila kelele. Mpira ndio shughuli: FC 24 inadai angalau kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4. Kwa hiyo mashine sasa, kadi baadaye ukijipanga. Iwe ya kimo kifupi, kadi ya kawaida haiingii kwenye boksi hilo hata ukiibembeleza.

Mtoto wa Raskazone
Napingana na mkuu hapo juu. Hayo maboksi pawa saplai zake ni za kwao wenyewe, umbo lao, plagi zao. Ikifa, kwenye duka la kawaida huikuti. Na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, kwa hiyo dogo akikua na hamu ikikua umekwama.

Mimi ningeunga prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, juu ya mazabodi (bodi kuu) ya A520 saizi ya mATX. Achana na Mini-ITX, ile saizi ndogo zaidi, unalipia udogo tu. 5600G ina kori 6 na grafiki ya Vega humo humo, huhitaji kadi kuanza. Ila sikiliza hapa, wengi wanapoharibu: nunua RAM vijiti viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na kijiti kimoja kinaifungulia nusu ya njia. Mtu anafunga kimoja, gemu linakwamakwama, halafu analaumu prosesa.

Jambo lingine halijasemwa. TV nyingi za inchi 32 ni pikseli 1366 kwa 768, karibu nusu ya pikseli za 1920 kwa 1080. Mashine inachora nusu ya kazi. Angalia yako kabla hujanunua nguvu usizozihitaji. Na TV uiweke kwenye hali ya gemu, la sivyo dogo atabonyeza shuti na mpira uondoke baadaye.

Baba Tatu
Hiyo ya pikseli nimeiangalia, ni 768 kweli. Sasa mkuu wa Raskazone, vyote hivyo vipya laki 9 inatosha?

Mtoto wa Raskazone
Vipya vyote itakubana sana. Prosesa na mazabodi chukua vya mkononi, pawa saplai usinunue ya mkononi kamwe.

Mama Zuu
Nyie mnaongelea kori, mie naongelea umeme na chumvi. Hapa pwani kompyuta ikikaa dirishani inaota kutu kwenye skrubu kabla dogo hajamaliza msimu. Iweke mbali na upepo wa bahari, isikae sakafuni, na fungua upulize vumbi. Tenga hela ya UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika. Ukiona imeandikwa VA 650 usidhani ni wati 650, wati huwa ni chache kuliko hapo.

Na Roblox, baba, fungua akaunti ya mzazi umuunganishe, ubane mazungumzo na wageni. Kadi ya benki usiiache humo. Robux, hela ya humo ndani ya gemu, zinakwisha kama maandazi ya asubuhi.

Baba Tatu
Shukrani dada. Nimeelemea kwa SFF. Ila kuna mtu ananiuzia kale kadogo kabisa, unene wa kitabu, EliteDesk Mini kizazi cha 8. Kananivutia.

Chuma Chakavu
Kama ni Roblox na Minecraft tu, kachukue. Kama mpira umo, kaache: hakana tundu la kadi ya kawaida ya grafiki.

Hiyo SFF usilipe kabla hujaiwasha mbele ya muuzaji. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), ikidai nywila rudisha, mashine za ofisi nyingi huja zimefungwa. Kisha afungue kifuniko, upige picha ya tundu refu la kadi na lebo ya pawa saplai. Tundu hilo kwa kanuni linaweza kutoa hadi wati 75, lakini si kila boksi jembamba linaruhusu zote, na GTX 1050 Ti inazitaka karibu zote. Pima pia nafasi ya kando: kadi nyingine fupi zina feni nene inayokula matundu mawili. Tupia picha hapa, tukuambie ipi inaingia.

Baba Tatu
Jumamosi naenda. Dogo kasema atakuja kukagua mwenyewe.