Tovuti yetu ya korosho Mtwara haionekani kwenye utafutaji: tuanzie wapi?

Mbanguaji wa Chuno

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Sisi ni kikundi kidogo cha akina mama tunaobangua na kukaanga korosho hapa Mtwara mjini. Rejareja tunawauzia wasafiri na wageni wa hoteli, na jumla tunawauzia wenye maduka wa Dar es Salaam, ambao mizigo yao huenda kwa basi. Msimu uliopita tulitengenezewa tovuti yenye anwani inayoishia na .co.tz. Nikiandika jina la kikundi kwenye Google, tovuti inatokea ya kwanza; lakini nikiandika "korosho za Mtwara" au "korosho bei ya jumla", napekua kurasa hadi nachoka na sisi hatumo. Zinazotokea ni habari za minada ya korosho ghafi, pamoja na maduka ya Dar es Salaam ambayo baadhi yake, kusema kweli, korosho zake yamezinunua kwetu.

Sasa kuna kijana ametupigia simu akatuahidi nafasi ya kwanza ndani ya mwezi mmoja, kwa malipo ya mkupuo, na kwamba atatuwekea viungo mia tano kutoka tovuti nyingine, yaani linki ambazo mtu akizibofya zinamleta kwenye tovuti yetu. Wenzangu wanataka tumlipe kabla msimu haujaanza. Mimi nasita, ila sina hoja ya kuwapa. Je, ahadi ya namna hiyo inatimizika? Na kama haitimiziki, fedha yetu kidogo na muda wetu tuvielekeze wapi?

Fundi wa Mikindani

Dada, hoja unayo. Google wenyewe, katika maelezo wanayowapa wenye biashara, wameandika kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Matokeo ya kawaida hayauzwi. Yanayouzwa ni matangazo, nayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa. Kuhusu viungo vya kununua, kanuni zao zinavikataza waziwazi: vikigunduliwa, mara nyingi havihesabiwi kabisa, na hali ikiwa mbaya zaidi tovuti yenyewe hushushwa. Kwa hiyo kijana huyo anawauzia ama hewa ama hasara, nanyi hamtajua ni kipi kati ya hivyo viwili hadi fedha iwe imekwisha kwenda.

Nimeifungua tovuti yenu kwa simu, maana kiungo umekiweka kwenye wasifu wako, na naomba niseme nilichokiona. Kichwa cha ukurasa wa kwanza, yaani yale maandishi ambayo Google huyaonyesha kama jina la tokeo, kimeandikwa "Mwanzo", basi. Bei zote, za kilo, nusu kilo na vifuko vya gramu 100, zimo ndani ya bango la kijani ambalo ni picha moja kubwa. Bango linapendeza, lakini maneno yaliyochorwa ndani ya picha si ya kutegemea yasomwe na injini ya utafutaji. Tena picha yenyewe ni nzito, na mteja mwenye bando dogo huondoka kabla haijafunguka. Neno "Mtwara" limetokea mara moja tu, chini kabisa kwenye sanduku la posta. Neno "jumla" sikulikuta popote. Mtu wa Kariakoo anapotafuta korosho za jumla kutoka Mtwara, Google itajuaje kwamba nyinyi mnazo?

Kibaya zaidi, mwishoni mwa ukurasa aliyeitengeneza ameandika neno "korosho" mara nyingi mfululizo kwa rangi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, ili mtu asilione lakini mashine ilione. Ujanja huo ni wa zamani na umepigwa marufuku. Uondolewe leo hii.

Baada ya hapo, gawanyeni kurasa kwa kufuata wateja. Ukurasa wa kwanza upewe kichwa kinachosema mnachouza na mahali mlipo, kwa mfano "Korosho zilizobanguliwa za Mtwara, jumla na rejareja", kikifuatiwa na jina la kikundi. Wateja wa jumla wawe na ukurasa wao, na huo ndio ningeutilia nguvu kuliko mwingine wowote, kwa sababu mnunuzi wa jumla huja na maswali mahususi ambayo washindani wenu wengi hawayajibu. Anataka kujua madaraja ya korosho. Andikeni kwamba mnazo W240 au W320, na mweleze kwa Kiswahili kwamba namba hiyo inahusu idadi ya korosho nzima katika ratili moja, yaani takriban gramu 454, hivyo namba ikiwa ndogo korosho ni kubwa, na bei hupanda. Elezeni pia kama mnauza zilizopasuka na vipande, ambavyo watengenezaji wa keki na biskuti huvipenda kwa unafuu wake. Semeni kiasi cha chini cha kuagiza, aina ya mifuko, siku za basi, na tarehe ambayo bei ilibadilishwa mara ya mwisho. Hayo yote yawe maandishi, si picha.

Mwisho, jiandikisheni kwenye Search Console ya Google, ambayo ni bure. Humo mtaona maneno ambayo watu waliyaandika hadi tovuti yenu ikajitokeza, imejitokeza mara ngapi, na wangapi waliibofya. Mtaona pia kama kuna ukurasa ambao haukuorodheshwa na kwa nini. Msitarajie mabadiliko wiki ijayo. Google walikwisha kusema kwamba matunda ya kazi hii kwa kawaida huanza kuonekana kati ya miezi minne na mwaka mmoja.

Mpokea wageni, Kilwa Masoko

Naongezea jambo ambalo Fundi hakuligusa. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni, na wengi wanaofikia kwangu wamekuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Wageni hao hawaanzii kwenye tovuti yangu. Wanaanzia kwenye ramani ya simu, wanaona picha, wanasoma maoni, wanapiga simu. Kwa hiyo fungueni wasifu wa biashara wa Google, nao ni bure. Huhitaji kuwa na jina la mtaa na namba ya nyumba kama miji mikubwa. Weka alama palipo na jengo lenu, kisha thibitisha umiliki kwa njia watakayokuonyesha, ambayo siku hizi mara nyingi ni kurekodi video inayoonyesha mtaa, kibao cha biashara, na wewe mwenyewe ukiwa kazini.

Google hupanga matokeo ya ramani kwa kuangalia mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Hilo la umbali mlizingatie. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Mtwara akaandika "korosho" ataweza kuwaona. Mwenye duka aliyeko Dar es Salaam atatangulia kuonyeshwa walio jirani naye. Ramani basi ni ya rejareja, na ule ukurasa wa jumla ndio wa kumfuata mteja wa mbali.

Waombeni wateja walioridhika waandike maoni, lakini msiwape punguzo wala kifuko cha bure ili waandike, kwa kuwa ni kinyume cha kanuni. Na mteja akilalamika kwamba korosho zilikuwa na unyevu, mjibuni kwa heshima hapohapo hadharani. Wanaosoma majibu ni wengi kuliko walalamikaji.

Mjasiriamali wa Lindi

Samahani, mimi naona tovuti ni mzigo kwa biashara ya ukubwa huu. Wateja wangu wote nawapata WhatsApp na Instagram, na mwaka mzima sijalipia seva.

Fundi wa Mikindani

Kaka, sikupingi kuhusu WhatsApp. Namba yake iwe kwenye kila ukurasa na ibonyezeke. Hata hivyo, WhatsApp humfikia anayekujua tayari, na tangazo la Instagram la mwezi uliopita limekwisha kufunikwa na mengine. Anayeandika "korosho W320 bei" kwenye Google hamjui dada huyu, na ameshika fedha mkononi. Huyo ndiye tunayemzungumzia. Mitandao ya kijamii itumike kupeleka watu kwenye ukurasa wa jumla, ingawa viungo vyake vyenyewe havitarajiwi kuipandisha tovuti.

Mbanguaji wa Chuno

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu na malipo ya yule kijana yamesimamishwa. Maandishi meupe tumeyakuta kweli, kama Fundi alivyosema, na yameondolewa. Nimebaki na maswali matatu. Kama viungo vya kununua ni haramu, vya halali vinapatikana wapi? Je, tuandike Kiingereza pia, kwa ajili ya wageni na wanunuzi wa nje? Na msimu ukiisha tukaishiwa mzigo, ule ukurasa wa jumla tuufute?

Mpokea wageni, Kilwa Masoko

Viungo vya halali mnavyo mlangoni. Hoteli zinazowawekea korosho mapokezi zina tovuti. Ziombeni ziandike jina lenu na kuliunganisha. Maduka ya Dar es Salaam yanayouza mzigo wenu yakubali kutaja yanakoununua, na lisilotaka utajua sababu yake. Mkishiriki Nane Nane kwenye viwanja vya Ngongo pale Lindi, au Sabasaba, ulizeni kama orodha ya washiriki inawekwa mtandaoni, na mhakikishe anwani ya tovuti yenu imeandikwa sawasawa. Kiungo kimoja kutoka hoteli inayofahamika nakithamini kuliko hivyo mia tano.

Fundi wa Mikindani

Kiingereza ni sawa, ila kila lugha iwe na ukurasa wake wenye anwani yake, msichanganye aya ya Kiswahili na ya Kiingereza mahali pamoja. Kazi hiyo mpeni mtu anayekijua vizuri. Tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila kukaguliwa humfukuza mnunuzi wa nje kabla hajauliza bei. Anzeni na ukurasa wa jumla tu. Wanaotafuta kwa Kiswahili msiwape kisogo, kwa sababu huko ushindani ni mdogo na wateja wenu wa sasa ndiko waliko.

Ukurasa wa jumla msiufute kamwe, wala msiubadilishie anwani. Ukifutwa, kila kilichojengeka juu yake kinapotea, na msimu mpya mnaanza upya na anwani ambayo Google haijawahi kuiona. Mzigo ukiisha, andikeni juu kabisa kwamba kwa sasa hakuna korosho za jumla, mtaanza tena kupokea oda mwezi fulani, na anayetaka kuwekewa nafasi aache namba yake WhatsApp. Mavuno ya kusini yakianza, kwenye Oktoba hivi, mnabadilisha sentensi hiyo na tarehe ya bei tu.