Picha ikilalamikiwa: ishushwe (iondolewe hewani) papo hapo, au aliyeipakia asikilizwe kwanza?

Mada: tovuti ya Uganda inayopokea picha na makala za wasomaji imeletewa lalamiko la hakimiliki. Ifanye nini kwanza?

Wakili_Kampala: Ishushe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamkinga mtoa huduma, kama tovuti hii, kwa vitu vya watu wengine ambavyo yeye ametoa njia tu ya kuvifikia. Ukishaarifiwa ukanyamaza, unajiweka pabaya. Ila taarifa ya mlalamikaji iwe taarifa kweli: ya maandishi, yenye jina kamili na anwani, saini, haki inayodaiwa kuvunjwa, maelezo ya kitu chenyewe, hatua inayotakiwa, simu na barua pepe, tamko la nia njema na tamko kwamba yaliyoandikwa ni sahihi. Ujumbe wa WhatsApp wa "futeni picha yangu" hautoshi. Mjibu siku hiyohiyo, mtajie kilichopungua.

Mhariri_Mbale: Ndugu Wakili, kwanza kinga hiyo haimfikii mhariri aliyeichagua picha mwenyewe akaichapisha. Huyo amechapisha, basi. Pili, kushusha bila kuuliza kunawapa wenye hila silaha. Mtu ananakili makala inayomuumbua, anaiweka kwenye blogu kwa tarehe ya nyuma, halafu analalamika kwamba ninyi ndio mlioiba. Tarehe ya kwenye blogu mwenye blogu huibadilisha apendavyo. Linganisheni na nakala za Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, kabla ya kugusa kitu. Tena Sheria ya Hakimiliki ya 2006 haizilindi habari za siku, maamuzi ya mahakama wala ripoti za tume za uchunguzi za serikali. Lalamiko la namna hiyo halina msingi hata likiwa na saini kumi.

Kinachoniuma ni hiki: sheria ya 2011 haikumwekea aliyepakia utaratibu wa kujitetea. Marekani anaweza kupinga, na kitu kikarudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi mlalamikaji asipokwenda mahakamani. Hapa, anayedanganya kwa makusudi anawajibika kwa hasara ya mtoa huduma. Mwandishi aliyenyamazishwa hakutajwa.

Mpigapicha_Jinja: Mhariri, picha ya habari inauzika siku ya kwanza. Mkikaa wiki mnasikilizana, mwenye picha amekwisha kula hasara. Takeni ushahidi wa haraka: faili la asili kutoka kwenye kamera. Lisitumwe WhatsApp kama picha, maana hubanwa na kupoteza tarehe na taarifa za kamera. Litumwe kama dokumenti au kwa barua pepe. Na wenzangu tuambiane ukweli: kazi ya kuagizwa, kama harusi au tangazo la kampuni, hakimiliki ni ya aliyeagiza isipokuwa mkataba useme vingine. Usilalamike kabla hujausoma mkataba wako.

FundiSeva_Gulu: Mnabishania kushusha kana kwamba ni kufuta. Ficheni, msifute. Kabla ya kuficha, hifadhini faili, anwani yake kamili, picha ya skrini yenye tarehe na saa, na jina la akaunti iliyopakia. Kisha mwandikieni aliyepakia, mkiambatanisha lalamiko, mumpe saa 48 za kujibu. Penye kosa la kila siku ni hapa: kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ukifuta makala picha inabaki kwenye folda ya upakiaji pamoja na nakala zake za saizi ndogo, na mwenye linki ya moja kwa moja bado anaiona. Ondoeni saizi zote, safisheni na kache (nakala za muda za kurasa), halafu jaribuni linki kwa simu ambayo haijaingia kwenye akaunti ya tovuti.

Mhariri_Mbale: Kwa picha, saa 48 za kuficha naziafiki. Kwa makala nzima sikubali. Kama kinacholalamikiwa ni aya mbili zilizonukuliwa na chanzo kimetajwa, zifichwe aya hizo tu, makala ibaki hewani.

Wakili_Kampala: Sawa, mradi sababu ya kuiacha iandikwe na mlalamikaji apewe kwa maandishi. Akienda mahakamani, karatasi hiyo ndiyo mtakayoulizwa kwanza.