Kukwepa riba ya mkopo wa chuo kwa kwenda kusomea benki: mnasemaje?

Mleta mada

Assalaam aleikum wadau. Wasio Waislamu nao karibuni, maana hili linagusa elimu na mifuko yetu sote tulioko Uingereza.

Nipo mwaka wa tatu wa uanagenzi wa shahada, fani ya uhandisi wa programu, katika benki moja kubwa. Jina lake halitawasaidia. Kwa wasioujua mpango huu, England iliuanzisha mwaka 2015. Unaajiriwa, unalipwa mshahara, na huku unasomea shahada kamili ya chuo kikuu bila wewe kutoa ada hata senti. Benki ya JPMorgan, kwa mfano, imesomesha vijana wao kupitia chuo kikuu cha Exeter, na benki ya Goldman Sachs kupitia Queen Mary cha London. Pesa inatoka kwenye tozo: tangu Aprili 2017, mwajiri ambaye mishahara anayolipa inapita pauni milioni 3 kwa mwaka anakatwa asilimia 0.5.

Mimi niliingia huku kwa sababu moja tu, riba. Nyumbani kwetu mkopo wa wanafunzi ulikuwa hauzungumziki. Ada ya mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535. Aliyeanza chuo kuanzia Agosti 2023 anakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, hadi amalize deni au ipite miaka 40, na muda wote huo deni linaongezewa riba. Serikali ilikusanya maoni kuhusu mkopo usio na riba mwaka 2014, Bunge likapitisha sheria ya kuuruhusu mwaka 2017, kisha kimya. Waliokuwa wakiusubiri wakati ule wengine sasa wana watoto shuleni.

Basi mwaka wa kwanza niliwekwa timu ya malipo, pesa zinatoka akaunti hii zinaingia ile, sikuwa na neno. Mwaka huu nimehamishiwa timu ya kadi za mkopo. Kazi niliyokabidhiwa ni kurekebisha sehemu ya programu inayokokotoa riba ya kila siku juu ya deni la mteja, na kuiandikia majaribio ili isikosee hata senti. Hapo ndipo ilinijia ile hadithi ya Sahihi Muslim: waliolaaniwa ni mla riba, anayeilipa, anayeiandika na mashahidi wake wawili, wote sawa.

Anayeiandika. Sasa mimi nimekwepa nini?

Mdau wa Luton

Umekwepa kulipa, ukaenda kulipwa. Acha kazi, mdogo wangu.

Tena wapo masheikh hapa hapa wanaosema mkopo wa chuo si deni la kawaida: huna kipato cha kutosha hulipi, ukifa linafutwa, na kwa walioanza kuanzia 2023 nyongeza inafuata mfumuko wa bei tu. Sikubaliani nao, nyongeza ni nyongeza. Ila hoja yao ina mashiko. Hoja ya kukaa ofisini ukimpigia mtu hesabu ya riba ina mashiko gani?

Mzee wa COBOL

Mdau wa Luton, shikamoo ya fatwa! Taratibu.

Nimekula chumvi nyingi kwenye mifumo ya benki za nchi hii, na nakwambia anayedhani benki ni mashine ya riba tu hajawahi kuona ndani yake. Kumbukeni benki ya TSB, Aprili 2018. Walihamisha wateja kama milioni 5 kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya. Data ilifika salama, mfumo ukazidiwa. Wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao: mishahara haionekani, kodi ya nyumba hailipiki, na wengine wakaibiwa na matapeli katikati ya vurugu hizo. Desemba 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wao wa teknolojia, Carlos Abarca, akatozwa pauni 81,620 kutoka mfukoni mwake. Sasa niambieni, kijana anayezuia jambo kama hilo lisimfike mama anayesubiri mshahara wa usafi wa ofisi, naye ameandika riba?

Kuna malipo, kuna ulinzi dhidi ya wizi, kuna utambuzi wa wateja, kuna mitambo yenyewe. Kijana aombe kuhama timu. Mwanagenzi kwa kawaida anazungushwa timu mbalimbali, kwa hiyo ombi hilo halitashangaza mtu. Akiacha kazi leo atabaki na shahada nusu.

Mama wa Leicester

Nyinyi mnajadili halali na haramu ya mtu ambaye tayari yuko ndani. Mie naomba tujadili nani anaingia.

Mwanangu aliomba nafasi hizi akiwa kidato cha mwisho. Mtihani wa hesabu mtandaoni, saa inahesabu. Kisha mahojiano ya video, hakuna mtu upande wa pili, unaongea na picha yako mwenyewe. Kisha siku nzima ya kufanya kazi za kikundi huku watu wanaandika. Akatolewa hatua ya mwisho. Watoto aliokuwa nao siku hiyo, kwa maelezo yake, shule zao zilikuwa zimewafanyia mazoezi ya kila hatua. Shule yake yeye ilijua kitu kimoja, kujaza fomu ya chuo. Shirika la Sutton Trust limelisema hili kwa miaka: uanagenzi wa ngazi ya shahada unawafikia zaidi vijana wa maeneo yenye uwezo kuliko wa maeneo maskini.

Kwa hiyo ile tozo tuliyoambiwa itafungulia mlango watoto wa wafanyakazi, inamsomesha mtoto ambaye baba yake angemlipia ada taslimu. Hilo ndilo linaloniuma. Riba mtaniwia radhi, mie nilishamchukulia mkopo, na Mungu ndiye ajuaye dhiki yangu.

Mleta mada

Mama, huo ni ukweli mtupu. Kwenye kundi langu tuliotoka shule za kawaida za serikali tunajuana kwa majina. Mie nilipita kwa sababu binamu yangu aliwahi kufeli mahojiano hayo hayo na akanipa maswali yote anayoyakumbuka.

Ila watu wasidhani ukishaingia ni mteremko. Chuo kinapewa kama siku moja kwa wiki, na hiyo haitoshi, kazi za chuo zinakula Jumamosi. Kila saa ya masomo unaiandikia kumbukumbu. Kila ujuzi uliomo kwenye mtaala unautafutia ushahidi kazini: hapa nilikagua programu ya mwenzangu, hapa niliwasiliana na mteja wa ndani, yaani idara nyingine ya benki, na mwisho unakaa kutetea yote mbele ya mtahini. Likizo ndefu za wanafunzi hatuzijui. Desemba wenzangu wa chuo wamerudi makwao, sisi tupo ofisini, na hata kazi yenyewe imesimama, maana mwisho wa mwaka benki inafunga mabadiliko ya mifumo. Unaandika programu ambayo hakuna atakayeipandisha kwenye mfumo wanaotumia wateja hadi Januari.

Tofauti moja niliyoipenda: huwezi kuandika kitu ukakipandisha mwenyewe kwa wateja. Mwingine anakikagua, mwingine anaidhinisha, mwingine anabonyeza. Mwanzoni niliona ni uchovu wa kiofisi. Sasa naona ndiyo elimu yenyewe, na darasani hawaifundishi.

Mpemba wa Barking

Swali pembeni. Mwanangu amekuja mwaka jana kutoka Chake Chake, ana alama nzuri sana za hesabu. Anaweza kuomba?

Mleta mada

Kwa kawaida wanataka mtu awe ameishi hapa miaka mitatu kabla ya kuanza na awe na ruhusa ya kufanya kazi. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi ana utaratibu wake, hasubirishwi hiyo miaka. Viza ya mwanafunzi haikubaliki. Na si lazima benki, kampuni za simu na za zana za ulinzi wa nchi zina uanagenzi huu huu. Ningejua mapema ningeanzia huko.

Mdau wa Luton

Umeona? Umejijibu mwenyewe.

Mleta mada

Sijajijibu. Nimeshaomba kuhamia timu ya kuzuia wizi, meneja hana kipingamizi, anasubiri nafasi. Ila akaniuliza nani katika wanagenzi wapya achukue kazi yangu ya kadi, na nilipoangalia orodha aliyonionyesha, jina la kwanza ni Abdulrahman.