Naomba ushauri: sheria ya kulungu Uingereza ibadilishwe?

Habari zenu wakuu. Niko kijijini hapa Uingereza. Miti michanga tuliyopanda inamalizwa na kulungu: ncha zimetafunwa, magome yamechunwa mpaka shina jeupe. Mbwa mwitu walitoweka karne nyingi zilizopita, hivyo hakuna wa kuwapunguza kulungu ila binadamu.

Sheria ya 1991 inakataza kuwawinda usiku bila kibali, na inaweka miezi ya kuwapumzisha, yaani isiyoruhusiwa kuwawinda. Scotland waliifuta miezi hiyo kwa madume mwaka 2023. Lakini idadi haishuki bila kupunguza majike, na ndama akiachwa bila mama anakufa njaa. Hilo linaniumiza sana.

Kijiji kina kikao, nami nataka kuchangia. Mliosomea wanyamapori, nitetee ruhusa ya usiku au fedha za uzio?