Kujitengenezea saa ya mkono kwa mfano wa Calatrava ya 1932: naomba ushauri wa mashine na kasha

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, wapenzi wa saa. Kwa mapenzi tu na si kwa biashara, nakusudia kujitengenezea saa ya mkono inayofuata umbo la Calatrava namba 96, ambayo Patek Philippe, watengeneza saa wa Uswisi, waliitoa mwaka 1932. Kinachonivutia ni vipimo vyake: kasha la duara lenye upana wa takriban milimita 31, masikio ya mkanda yanayochipuka katika kasha lenyewe, uso usiojaa mapambo, na sekunde ndogo katika duara lake penye tarakimu ya sita. Ami yangu ni sonara na ameniruhusu kutumia vifaa vyake, kwa hiyo ningependa kasha liwe la fedha. Nimeshauriwa ninunue mashine (yaani mtambo wa ndani unaoiendesha saa) ya Unitas 6497 kwa kuwa ni kubwa na ni rahisi kujifunzia. Je, itafaa? Na fedha itahimili hewa yetu ya bahari?

Fundi saa, Malindi

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Anza na mashine, kwa sababu ndiyo itakayoamua karibu kila kipimo kingine. Unitas 6497 ni mashine imara, na mimi mwenyewe humpa kila anayeanza kujifunza kuifungua na kuifunga, lakini haitaingia katika saa yako: upana wake ni milimita 36.6, yaani umelipita kasha zima unalolitaka. Isitoshe, ilibuniwa kwa saa za mfukoni, na ukiifunga mkononi huku kichwa cha kutilia ufunguo kikiwa penye tarakimu ya tatu, sekunde zake hukaa penye tisa. Ndugu yake, 6498, ndiye mwenye sekunde penye sita, ila ukubwa ni ule ule.

Tafuta ETA Peseux 7001 ya Uswisi. Ina upana wa milimita 23.3, unene wa milimita 2.5, vito 17 (vijiwe vya kupunguza msuguano), hutiwa ufunguo kwa mkono, na sekunde zake ziko mahali unapopataka. Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuchonga uso. Mashine ambayo Patek waliifunga katika namba 96 kuanzia mwaka 1934 ilikuwa na upana wa takriban milimita 27, na umbali kati ya kitovu cha akrabu kubwa na kitovu cha akrabu ya sekunde huwekwa na mashine, wala fundi wa uso hana uwezo wa kuubadilisha. Kwa kuwa 7001 ni ndogo zaidi, duara la sekunde litasogea juu kuelekea katikati. Usijaribu kulificha jambo hilo kwa kulipanua duara, kwa maana litazikata alama za saa na uso utapoteza utulivu wake. Ni bora ulifanye dogo kidogo na uache nafasi tupu chini yake. Pima mashine ikiwa mkononi mwako, chora uso kwenye karatasi, kisha ndipo umpelekee ami yako vipimo vya kasha.

Sonara, Mkomani

Nami naongeza machache kuhusu fedha. Fedha ya 925 (yenye sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000) inafaa, lakini ni laini, na hesi za mfuniko wa nyuma zikikatwa ndani yake huliwa upesi. Fanya mfuniko wa kubana. Masikio yachongwe kwa tupa kutoka katika pande moja pamoja na kasha, kwa kuwa yakilehemiwa kiungo huonekana baada ya kung'arishwa, na uzuri wa umbo hilo upo hasa katika mwendelezo huo. Chumvi haitaila fedha kama inavyokula chuma, ingawa itasawijika, na hilo husafishika. Wasiwasi wangu ni kwa hesi za chuma zilizomo ndani ya mashine, kwa sababu mfuniko wa kubana hauzuii maji. Vua saa kabla ya kutawadha, na uihifadhi katika kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu.

Mkaazi wa Shela

Usiandike jina la Patek Philippe kwenye uso, hata kama saa ni ya kuvaa nyumbani. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na saa huishi kuliko mwenyewe: siku ikirithiwa au ikiuzwa, mnunuzi atadanganyika. Andika jina lako, au jina la Lamu.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Nitaagiza 7001, na uso utaandikwa Lamu. Limebaki suala la kioo, na pia mahali pa kufanyia kazi, kwani nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na vumbi haliishi.

Fundi saa, Malindi

Tumia kioo cha plastiki chenye mgongo. Huchaguliwa kikiwa kipana kidogo kuliko mfereji wake, kikabanwa na kuingia bila gundi, na mikwaruzo yake huondoka kwa kusuguliwa. Kuhusu vumbi, zima feni, funga dirisha, futa meza kwa kitambaa kibichi, na kila unapopumzika ifunike mashine kwa bilauri iliyogeuzwa.