Mjadala: Maji moto ya Amboni, wachoronge kupata umeme au yaachwe kama yalivyo?

Mwana_Chumbageni: Wadau, hivi kwa nini Tanga hatutajwi kabisa kwenye jotoardhi, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi? Kila siku nasikia Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Mbeya, Songwe, Natron, sijui Luhoi kule Rufiji, wakati hapa Amboni maji moto ya salfa yanatoka na mpaka leo yanaitwa kwa jina la Galanos, yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Majirani zetu Kenya wamewasha mitambo ya Olkaria toka 1981 na sasa karibu nusu ya umeme wao unatoka chini ya ardhi. TGDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, ipo toka 2013, waje wachoronge na huku. Mnaonaje?

Ngosi_wa_Tukuyu: Mkuu Olkaria ni volkano, ipo ndani ya bonde la ufa, visima vinashuka kilomita mbili tatu na wanakuta mvuke wa nyuzi 200 na kuendelea. Amboni ni mawe ya chokaa, ndo maana kuna mapango. Hamna volkano hapo, maji yanazama kwenye nyufa yanapata joto huko chini yanapanda tena basi. Hayo ya kuoga. Umeme tuachieni sisi wa Mbeya, nyie wa pwani endeleeni na kahawa zenu barazani.

Bi_Ngamiani: Ulikuwa unaongea vizuri kaka, hapo mwisho umeharibu. Kahawa imeingiaje? Mtambo wa umeme wa maji wa Hale umewashwa 1964, megawati 21, upo Tanga hii hii ya wakaa barazani, wakati huo kwenu mnasomea koroboi. Tuheshimiane.

Moshi_Mjini: Hahaa Hale inazungushwa na maji ya Kilimanjaro na Meru dada, yanakusanywa bwawa la Nyumba ya Mungu ndo yanawafikia. Sisi tukifunga huku juu mtawasha nini

Bi_Ngamiani: Funga tuone. Mto una mwenyewe? Unaitwa Pangani, na Pangani iko mkoa gani?

Fundi_Duga: Jamani turudi kwenye mada. Ngosi sio kweli kwamba bila mvuke wa nyuzi 200 hakuna umeme. Kuna mitambo maji moto yanapita upande mmoja, upande wa pili kuna kimiminika kingine kinachochemka kwa joto dogo, mvuke wa hicho ndo unazungusha. Alaska kuna sehemu inaitwa Chena wanafanya hivyo toka 2006, maji yao nyuzi sabini na kitu tu, hayafiki hata kuchemka.

Ngosi_wa_Tukuyu: Chena naijua. Umesahau kusema wana maji ya baridi kali ya kupozea, nyuzi nne hivi. Mtambo unakula ile tofauti ya moto na baridi. Wewe Tanga mwezi wa pili utapozea na nini, hata maji ya bombani yanatoka vuguvugu. Na hata huko Chena wanapata kilowati mia kadhaa, ni za hoteli yao tu.

Mama_Mwani: Mie naona mnagombania umeme kama vile joto halina kazi nyingine. Reykjavik nyumba karibu zote zinapashwa moto kwa maji ya ardhini, sawa, sisi Tanga hatuhitaji hita. Lakini pale Naivasha shamba la maua la Oserian lilitumia joto la visima kwenye mabanda ya maua. Sisi masika ikishika mwani unaoza, dagaa wanaoza, tunamwaga huku tunalia. Kaushio la maji moto halitaki volkano wala gridi. Hilo ndo mngelisemea, maana anayepata hasara ni mwanamke aliyeshinda baharini.

Fundi_Duga: Mama umeongea pointi nzito. Ila mwani uko pwani, kuutoa huko mpaka Amboni kila siku nauli inamaliza faida, labda waanze na dagaa wa mjini.

Kiomoni_Damu: Kuna aliyetuuliza sisi wa huku kwenye maji yenyewe? Watu wanakuja kuogea magonjwa ya ngozi toka wazee wetu. Olkaria 2014 Wamasai walihamishwa kupisha mradi na malalamiko yakafika mpaka Benki ya Dunia. Mkishachoronga sisi mtatupeleka wapi?

Mwana_Chumbageni: Kaka kaushio la dagaa halihamishi mtu

Kiomoni_Damu: Wewe ulisema wachoronge. Nenda kasome juu.

Ngosi_wa_Tukuyu: Mnaona sasa, nilisema ni ya kuoga mkanirukia.

Bi_Ngamiani: Hatukukurukia kwa kuoga, tulikurukia kwa baraza. Na bado hujaomba radhi.

Moshi_Mjini: Na mto je

Bi_Ngamiani: Mto ni wa Pangani, nimemaliza. Mama Mwani njoo huku nijibu, kwenu mkikosa jua mnaanika wapi? Kuna dada zangu Mkinga wana shida hiyo hiyo, tukienda halmashauri twende wengi.